Shimo la Ndizi la Bibi Eustakia

Danstan wa Kirushya hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, na hakuna aliyepata kumsikia akimtukana mtu mzima. Ukipita kibandani kwake pale barabarani, anapochaji simu za watu na kubadilisha vioo vilivyopasuka, ataacha bisibisi na kukuamkia kwanza. Nayataja haya mapema ili msomaji asijifariji kwamba mambo kama haya ninayoyasimulia hufanywa na wahuni tu.

Alilelewa na bibi yake, Eustakia, mama wa mama yake. Mama mwenyewe, marehemu Agness, alifariki Danstan akiwa darasa la tatu na dada yake Aline akiwa bado anabebwa mgongoni. Eustakia aliwakuza wote wawili kwa kuuza pombe ya ndizi. Sare za shule, daftari, na hata ile simu ya kwanza ambayo Danstan alijifunzia ufundi, vyote vilitoka katika shimo lililokuwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba.

Shimo lenyewe si ajabu kwa Mhangaza, mwenyeji wa huku Ngara. Unachimba, unalipasha moto, unatandika majani makavu ya mgomba, unapanga ndizi mbichi, unafunika kwa majani mabichi, kisha unarudishia udongo juu na kuukanyaga. Ndizi zinaivia humo kwa joto. Ila mtu wa mbali, ambaye kwao ni mahindi na ng'ombe, akikuta tuta refu la udongo mbichi migombani, na moshi mwembamba unachungulia pembeni, atawaza kaburi. Danstan aliijua tofauti hiyo. Ndiyo aliyoifanyia biashara.

Jioni nyingi alikuwa akitazama filamu za kutisha, zile zinazopigwa zionekane kana kwamba hazikupigwa na mtu wa filamu: picha inatikisika, mtu anahema, na mwanzoni unaambiwa hii ni simu iliyookotwa na wenyewe hawajaonekana tena. Akasema, na mimi ninaweza. Akabuni kisa cha vijana wawili maarufu wa mitandaoni waliotoka Mwanza kuja kuwaonyesha wafuasi wao "kijiji kisichorudisha wageni". Happy, rafiki wa Aline, akawa staa wa kike, na Privatus wa bodaboda akawa wa kiume. Danstan akawa mwokota simu. Palibaki nafasi ya mchawi.

"Bibi," alimwambia Eustakia, "nataka kukutangaza. Pombe yako ijulikane mpaka Dar."

Eustakia alicheka hadi akashika kiuno. Akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge chake cha Pasaka na kilemba.

"Hapana, Bibi. Vaa lile gauni la kazini."

"Lile lenye masizi? Watu wa Dar wanione hivyo?"

"Ndiyo wanapenda. Wanataka kuona kazi. Na usitabasamu."

"We Danstan, mteja gani ananunua kwa muuzaji aliyenuna?"

"Ndiyo mtindo wa siku hizi, Bibi."

Basi bibi wa watu akanuna. Alipanga ndizi, akafunika majani, akarudishia udongo na kuukanyaga kwa miguu yake mitupu, na mjukuu wake amelala chini migombani akimpiga picha kutoka chini kwenda juu, kama mtu aliyejificha. Baadaye, kibandani, Danstan aliondoa rangi, akaweka sauti ya mtu anayelia chini ya udongo, akaunganisha na mayowe ya Happy. Halafu akakaa mbele ya kamera yeye mwenyewe, akainua simu yenye kioo kilichopasuka, akasema maneno ambayo hayakuwemo katika mpango wake. Yalimjia tu, naye akaona yanafaa:

"Ndugu zangu, hii simu nimeiokota. Sidanganyi. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Filamu aliirusha mtandaoni vipande vipande. Katika kipande cha mwisho aliandika kwamba huu ni mchezo wa kuigiza. Lakini watu hawakungoja kipande cha mwisho. Kipande cha Eustakia kilichomolewa peke yake, kikapita katika makundi ya simu, kikavuka Ngara kikaingia Biharamulo, na kila aliyekituma aliongeza la kwake. Wafuasi wa Danstan waliongezeka kama siafu. Vijana wakimwona barabarani walimpigia saluti: "Mkurugenzi!" Naye, nisimsingizie, alipenda.

Wakati huo Eustakia alikuwa akiwaambia kina mama wa jumuiya, kila baada ya sala, kwamba mjukuu wake amemtangaza. "Bado tu wateja," alisema. "Watakuja. Dar ni mbali." Kina mama waliokwisha kuona katika simu za wajukuu zao walitazamana tu. Danstan aliyasikia maneno hayo siku moja alipokuja kumchukua kwa pikipiki, na kitu kikamchoma kifuani. Alikiacha kichome.

Aline ndiye aliyemkabili.

"Kaka, kifute."

"Kitapoa chenyewe."

"Wakwe zangu ni watu wa Runazi, kule Biharamulo. Wakikiona je?"

"Fabiani si ni msomi? Atawaeleza."

"Nimekwambia ukifute, unaniletea Fabiani!"

Hakukifuta. Alijiambia kwamba akifuta sasa wafuasi watasema ni tapeli. Ona mtu alivyogeuka: tapeli anaogopa kuitwa tapeli na watu asiowajua, haogopi kuwa tapeli kwa aliyemlea.

Fabiani alikuwa mchumba wa Aline. Walikutana chuo cha ufundi Biharamulo. Baba yake, Mzee Bulugu, ni Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Runazi na ng'ombe wao zamani. Siku ya wakwe kuja Kirushya kujitambulisha, harusi ikiwa imebaki wiki moja tu, mzee alifika na Fabiani na shangazi wa Fabiani, Kwandu, mwanamke mrefu mwenye macho yasiyotulia. Walimwamkia Eustakia vizuri, "Shikamoo mama," naye akaitikia kwa furaha, ametinga kile kitenge cha Pasaka. Lakini Danstan aliyekuwa akipanga viti aliona jinsi Kwandu alivyoitazama nyumba, kisha migomba iliyo nyuma ya nyumba, kisha akamfinya kaka yake mkono.

Pombe ikaletwa. Kwa Wahangaza mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna kilichofichwa ndani. Eustakia akavuta mrija, akameza, akafuta mdomo, akampa Mzee Bulugu kibuyu kwa mikono miwili.

Mzee hakupokea.

Mikono ya bibi ilibaki hewani na kibuyu. Aline akaliweka chini sinia la karanga alilokuwa amelishika.

"Baba, karibu," Eustakia alisema. "Au hutumii? Soda zipo."

"Mama, usitulaumu," Kwandu alijibu badala ya kaka yake. "Sisi tumeona." Akafungua simu, akainyoosha mbele ya uso wa bibi.

Eustakia alikuwa hajawahi kujiona katika picha zile. Alikodoa macho. Akamwona mwanamke mwenye masizi, amenuna, anakanyaga udongo, na sauti ya mtu inalia chini ya nyayo zake. Alitazama mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeogopa kumkosea mwenye nyumba, "Danstan, tangazo ndilo hili?"

"Nani alipiga picha hizi?" Mzee Bulugu aliuliza.

Danstan alisikia swali. Alikuwa na nafasi ya kulijibu. Akainama kunyoosha mguu wa kiti ambao haukuwa na tatizo.

"Ni mjukuu wangu huyu, baba," Eustakia akasema. "Alinitangaza biashara."

Hapo ndipo Danstan alipoinuka, amechelewa, akaeleza yote: kwamba ni mchezo, Happy yuko saluni kwake, Privatus yuko barabarani na pikipiki yake, sauti aliiweka yeye. Mzee Bulugu alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Kijana, leo unasema ni uongo. Juzi ulisema ni kweli, na ukaapa; kipande hicho pia tulikiona. Ukaapa kwa kaburi la mama yako. Sasa mimi nishike kiapo kipi, cha juzi au cha leo? Una mama mwingine?"

Eustakia aligeuza kichwa.

"Uliapa kwa Agness?"

Danstan aliitikia kwa kichwa. Kwa yote aliyoyafanya, hilo ndilo ambalo bibi alikuwa hajalijua, na hilo ndilo lililomfanya akae chini. Hakulia. Alikiweka kibuyu ardhini, akakitazama.

"Nenda ukalifukue shimo," alisema.

"Bibi, ndizi hazijaiva. Joto likitoka zinaharibika, na hizo ni za harusi ya—"

"Najua ni za nini. Nilizikata mimi. Fukua."

Alifukua kwa mikono, mbele ya wakwe, mbele ya majirani waliokwisha kusogea uani. Fabiani alitaka kumsaidia. Baba yake akamzuia. Udongo ukatoka, majani yakatoka, mvuke ukampiga usoni. Ndani palikuwa na ndizi, nusu njano nusu kijani, safu juu ya safu, mpaka chini kwenye majani makavu. Kwandu akainama, akachukua moja, akainusa. Akamtazama kaka yake. Bila kupangusa udongo mikononi, yule mwanamke alirudi pale alipokaa Eustakia, akapiga goti.

"Mama, tusamehe. Tumekudhania ubaya nyumbani kwako."

"Si ninyi mlioanza," Eustakia alisema.

Danstan alikuwa bado shimoni. Mazoea ni kitu kibaya: mkono wake uliingia mfukoni, ukatoa simu. Alitaka kupiga picha ndizi zile, awaonyeshe wafuasi ukweli.

"Iweke chini," bibi alisema bila kuinua sauti. Danstan akaiweka juu ya udongo.

Mzee Bulugu alikunywa siku ile. Akasema uchumba unaendelea, ila akaongeza neno la kweli: "Mimi nimeona shimo. Runazi yote haijaliona. Wao wameona simu."

Danstan alifuta kila kitu usiku uleule, kurasa zake pamoja na jina lake la mtandaoni. Haikusaidia. Kipande kile kilikuwa kimekwisha kuhamia katika simu za watu, nako hakuna ufunguo wa kuingilia.

Harusi ilifanyika Runazi. Ndizi nyingi za shimo lile zilikuwa zimeoza, ikabidi Danstan azunguke kwa majirani kuomba mikungu, na kila alipoomba aliulizwa sababu, na kila alipoulizwa aliisema. Pombe ikapatikana, kidogo kuliko ilivyotakiwa. Eustakia aliibeba hadi Runazi, ingawa Aline alimsihi wanunue soda watu wasije wakamwaibisha.

"Nikiacha kupeleka pombe yangu," alijibu, "nitakuwa nimekubali."

Bibi alikaa karibu na mtungi. Danstan alikaa chini, ubavuni pake, na kazi yake ilikuwa moja: kila mgeni aliyefika, aonje yeye kwanza. Hakuna aliyemwagiza. Wengine walimwona akimeza, wakapokea. Wengine walimwona akimeza, wakasema wako kwenye dawa, hospitali imewakataza pombe, wakapita. Mtoto mmoja wa kike alisimama mbele yao, akamtazama Eustakia, akapiga kelele kwa furaha ya mtoto aliyemtambua mtu:

"Mama, bibi wa kwenye simu!"

Mama yake akamvuta mkono haraka.

Eustakia alimpungia yule mtoto. Alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka na kilemba, na tangu asubuhi alikuwa akimtabasamia kila mgeni, aliyekunywa na aliyepita, tabasamu pana la muuzaji anayejua kazi yake. Danstan aliliona kwa pembe ya jicho. Akainamia mrija, akaonja tena, ijapokuwa hapakuwa na mgeni aliyekuwa akingoja.