Benchi Lenye Alama Tatu za Chaki

Askari aliyemkamata mama yangu kwa kosa la kulisha watu wakiwa wameketi alikuwa ameketi kwenye benchi hilo hilo asubuhi ya siku ile, akinywa chai na kula chapati mbili. Watu watatu tu ndio waliolijua jambo hilo: yeye, mama, na mimi niliyempelekea kikombe. Mama alishtakiwa, akasimama mbele ya hakimu, na kwa miezi mingi neno moja ambalo lingeweza kumsaidia halikutoka kinywani mwake.

Niyapange mambo kama yalivyofuatana.

Hoteli ya mama iko Kitale, hatua chache kutoka lango la nyuma la hospitali. Ni chumba kimoja cha mabati, jiko la kuni upande wa nyuma, pazia mlangoni, meza ndefu na benchi. Benchi hilo alilitengeneza baba kwa mbao za saipras mwaka mmoja kabla hajafariki, akapima nafasi ya watu sita. Wateja wengi si watu wa mjini. Ni watu waliokuja kuuguza. Wanatoka Naitiri, Moi's Bridge, na huko juu kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Asubuhi, wakishamwogesha mgonjwa wao na kumbadilishia shuka, ndipo wanakumbuka kwamba wao pia wana tumbo.

Korona ilipoingia, amri ilitoka kwamba mahali pa kulia chakula pafungwe. Baadaye ikalegezwa kidogo: uza, lakini mteja abebe aende zake. Shule nazo zilikuwa zimefungwa. Mimi ni mwalimu Bungoma, na kwa kuwa sikuwa na wa kumfundisha, nilikuja Kitale kumsaidia mama.

Tulijaribu kutii. Chapati hazikuwa na taabu. Unazifunga kwa gazeti, mtu anaenda. Taabu ilikuwa mrenda. Ni mboga inayoteleza na kuvutika, na wateja wetu wengi hawaoni kama wamekula ikikosekana. Mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku zamani.

"Wewe si ndiye umesoma?" mama aliniambia, mwiko mkononi. "Hebu nionyeshe vile mrenda inafungwa kwa gazeti."

Nilijaribu jani la mgomba. Mteja alifika langoni mwa hospitali mkono wake wote ukiwa wa kijani, na mlinzi akamkatalia kuingia.

Lakini si mrenda uliomfanya mama avunje amri. Siku ya tatu alitoka nje kumwaga maji, akamwona mwanamke aliyekuwa amenunua ugali kwetu muda mfupi uliopita. Alikuwa amesimama kando ya ua wa hospitali, amewapa wapita njia mgongo, leso ameivuta hadi usoni, anakula upesi upesi kama mtu aliyeiba. Kwetu, mtu mzima hali akiwa amesimama barabarani. Anayekula hivyo ni mgonjwa wa akili au amefukuzwa kwao. Mama aliweka karai chini, akamwendea, akamshika mkono, akamleta ndani na kumketisha.

"Kuanzia leo wanaingia," aliniambia. "Watatu watatu. Na wewe tafuta chaki."

Nilichora alama tatu juu ya benchi, mbili kwenye ncha na moja katikati, kwa chaki niliyokuja nayo kutoka shuleni. Tuliweka ndoo yenye bomba na sabuni mlangoni, tukafungua dirisha ambalo lilikuwa limepigiliwa misumari tangu ujana wangu. Mama hakumpa mtu sahani kabla hajanawa mbele ya macho yake. Sisemi kwamba tulikuwa ndani ya sheria. Ugonjwa ule haukuwa mchezo; tulimzika jirani yetu wa karibu bila hata kuuona uso wake, na hadi leo siwezi kusema aliyetoa amri alikosea. Nasema tu tulichofanya.

Askari niliyemtaja mwanzoni alikuwa akilinda lango la hospitali. Kijana mpole, mgeni mjini. Asubuhi ile aliingia, akanawa bila kuambiwa, akakaa kwenye alama ya mwisho karibu na dirisha. Alipomaliza alisema, "Asante, mama, nimesikia kama nyumbani," akarudi lindoni.

Kabla ya saa sita, lori la polisi likaja na afisa wa afya ndani. Walikuwa wanakagua mtaa wote. Wakubwa wake wakamwita ajiunge nao, na yeye ndiye aliyetangulia, akaipita milango mingine na kuvuta pazia letu. Ndani kulikuwa na mzee kutoka Moi's Bridge, ambaye mkewe alikuwa wodini, na dada wawili wa Naitiri. Sahani zilikuwa nusu.

"Mama," alisema, bila kumtazama usoni. "Zima moto. Tunaenda."

"Sawa, afande. Lakini hawa wamalize kwanza."

Alitazama nje lori lilikokuwa, kisha akawatazama wale watatu. Akasimama mlangoni, akawapa mgongo wale wa nje, akaziba nafasi yote, mpaka mzee alipofuta sahani yake kwa tonge la mwisho. Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi.

Walichukua sufuria kuwa kielelezo. Hapo ndipo mama alipofanya kosa ambalo sidhani wakili yeyote angelielewa. Lori lilikuwa karibu kuondoka aliposema, "Na benchi je? Bebeni na benchi. Hakimu aone watu wangu walikuwa wanakaa vizuri."

Afisa wa afya alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Una uhakika, mama?"

"Si nimesema mbebe? Na msifute hiyo chaki."

Wakabeba.

Alitolewa kwa dhamana siku hiyo hiyo. Ndugu yake alikuja kutoka Misikhu na hati ya shamba ameiweka katikati ya kitabu cha nyimbo ili isikunjike. Alipoambiwa habari ya benchi, alikifunga kile kitabu.

"Dada, wewe umewapelekea ushahidi?"

"Nimewapelekea ukweli."

"Ukweli yenye iko na miguu nne," mjomba alisema. "Haya, bana. Twende nyumbani."

Siku ya kujibu mashtaka, mahakama ilikaa uani, chini ya hema, viti vikiwa vimeachana. Waliotangulia walikuwa kinyozi, mwenye baa, na muuza nguo kuukuu. Kila mmoja alisema "ni kweli" upesi, akatozwa faini, akaenda. Sheria ilikuwa wazi: faini, au kifungo kinachoweza kufika miezi sita. Karani alimsomea mama kwamba aliruhusu watu kuketi na kula ndani kinyume cha amri. Ni kweli au si kweli?

Mama alijinyoosha. "Waliketi, mheshimiwa. Mimi sijawahi kulisha mtu akiwa amesimama. Uliza hata hospitali."

Watu walicheka. Hakimu, mama wa makamo, alishusha miwani.

"Mama, kuketi ndilo kosa lenyewe."

"Kuketi?"

"Kuketi ndani."

"Basi hilo kosa lilikuwa langu, si lao. Lakini hakuna ubaya nilifanya."

Hakimu aliandika kwa muda, kisha akaeleza kwamba mtu anayekubali alichofanya na papo hapo anasema hana kosa, mahakama haiwezi kumhesabu kuwa amekiri. Akaandika kuwa amekana, na kesi ikapangiwa tarehe ya kusikilizwa. Mama angeweza kulipa akaenda kama wale wengine. Kuanzia siku ile alikuwa na kesi, na katika kanisa letu yeye ndiye mwekahazina wa akina mama. Alijiuzulu Jumapili iliyofuata mpaka aonekane hana hatia, ingawa hakuna aliyemwomba.

Mimi niliona njia ya kutokea ni fupi. Nilimwambia, "Siku ya ushahidi utapewa nafasi ya kumuuliza askari maswali. Muulize asubuhi ile alikunywa chai wapi. Basi."

Alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Nimsimange mtoto wa watu mbele ya hakimu?"

"Si kumsimanga. Ni ushahidi."

"Chakula ikishaingia kwa tumbo ya mtu ni yake. Si yako tena ya kuongea. Hata nyanya yako, aliibiwa kuku na mtu alikuwa amekula kwake, na hakusema huyu alikula kwangu. Alisema tu, kuku imepotea."

"Mama, unaweza kufungwa."

"Nitafungwa nikiwa mtu."

Niliyaandika maneno hayo usiku huo kwenye daftari la maandalio ya masomo, chini ya tarehe, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilitaka siku moja nimwonyeshe jinsi alivyokuwa mkaidi. Sijawahi kumwonyesha.

Kesi ilisikilizwa miezi kadhaa baadaye, ndani ya chumba, sote tukiwa na barakoa. Benchi lilikuwa mbele, karatasi ya nambari imebandikwa ubavuni. Alama za chaki zilikuwa bado zinaonekana. Askari alipanda kizimbani akaapa. Alieleza vizuri: waliingia, wakakuta watu watatu wameketi wanakula, hili hapa ndilo benchi. Mwendesha mashtaka akaketi.

"Mama, una swali kwa shahidi?" hakimu aliuliza.

Mama alimtazama yule kijana kwa muda mrefu.

"Sina, mheshimiwa."

Ingeishia hapo. Lakini hakimu alikuwa anasoma maandishi yake, akainua kichwa. "Shahidi, umesema mlango ulikuwa na pazia na pazia lilikuwa limefungwa. Mliendaje moja kwa moja pale, kati ya milango yote ya mtaa? Mliambiwa na nani?"

Askari alishika ukingo wa kizimba. Aliangalia mkubwa wake, aliyekuwa ameketi upande wa mwendesha mashtaka, kisha akaangalia benchi.

"Sikuambiwa, mheshimiwa. Nilikuwa nimekula hapo asubuhi." Akanyoosha kidole. "Nilikaa hapo kwa ile alama ya mwisho."

Chumba kilivuma. Karani aligonga meza. Hakimu alingoja kimya kirudi, kisha akamgeukia mama.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukumuuliza?"

"Alikuwa mgeni wangu, mheshimiwa."

Sijui hakimu aliandika nini, lakini alikiandika polepole. Nimekaa mbele ya wazazi, wakaguzi na wanafunzi kwa miaka mingi, na sijawahi kuona mtu akishika chumba kizima kwa maneno matatu namna ile, akiwa na viatu vya raba na leso ya jikoni. Mwendesha mashtaka aliomba kesi iahirishwe apate kushauriana na wakubwa wake. Hakimu alikubali.

Nje, yule askari alitupita. Alisimama hatua mbili mbele, akarudi.

"Mama, umeniponza."

"Mimi? Si sijasema kitu."

"Hiyo ndiyo shida," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka. "Ungesema, ningekataa."

Alihamishwa muda si mrefu baadaye. Mama hakuuliza alipelekwa wapi, lakini alitaja jina lake katika maombi ya jioni, na mpaka leo bado analitaja.

Tarehe iliyofuata shahidi wa pili hakufika. Ile nyingine, tuliambiwa ushauri wa wakubwa haujarudi. Kisha hakimu naye akahamishwa, amri zikaondolewa, barakoa zikatoweka, na hapakutajwa tena tarehe. Hoteli iko wazi. Fundi ametutengenezea benchi jipya la watu sita, nalo mama ameliweka upande wa jiko. Nafasi ya lile la baba, karibu na dirisha, haijawekwa kitu. Kanisani walimrudia mara mbili ashike tena hazina. Aliwajibu kwamba hajaambiwa kama ana hatia au hana.

Likizo iliyopita nilienda mahakamani kumuulizia. Karani, msichana ambaye nadhani alikuwa bado shuleni wakati huo, alitafuta kwa subira, akaniletea jalada. Halijafungwa. Halina tarehe ya mbele. Nikamuuliza habari ya benchi, akapitisha kidole kwenye orodha ya vielelezo, akasema sufuria imeandikwa kuwa ilirudishwa, jambo ambalo si kweli, na mkabala na neno benchi hakuna kilichoandikwa.