Supu ya Mama Mkwe na Jicho la Mzee Hamaji

Sumie Kuroiwa alikuwa mwoga tangu tumboni. Mama yake alisimulia kwamba siku ya kuzaliwa alichungulia kwanza, akaona taa na watu waliovaa barakoa, akarudi ndani, ikabidi mkunga ambembeleze mpaka kesho yake. Walikuwa watu wa Nada, upande wa mji wa Kobe huko Japani inakopikwa pombe ya mchele, na baba yake alikuwa fundi wa mapipa. Nyumba yao ilikuwa na amri moja iliyozidi zote za serikali: natto haivuki kizingiti.

Natto ni maharage ya soya yaliyochachushwa mpaka yakanata, yanavuta nyuzi kama utando wa buibui na kunuka kama soksi za mpanda mlima. Kijidudu kinachoyachachusha ni kikorofi. Kikiingia kiwanda cha pombe kinakaa kama mwenye nyumba, na ukikichemsha unakuwa umekiogesha tu. Nada walisema meli iliyobeba natto ikipita baharini msimu wa kupika, mapipa yanatapika. Baba yake Sumie aliamini hayo kwa moyo wote. Aliwahi kumfukuza muuza sabuni getini kwa sababu bwana yule aliota anakula natto, naye akawa mjinga wa kusimulia.

Kazi ya mapipa Sumie hakuirithi. Alirithi woga, na mikono mitulivu kuliko maji ya birika lililosahaulika. Kwa mikono hiyo akapata kazi ng'ambo ya daraja, kwenye kisiwa kilichojengwa kwa kumwaga kifusi baharini, katika maabara ya seli shina. Huko wanachukua kipande cha ngozi ya mtu kama punje ya mchele, wanazishawishi seli zake zisahau kwamba ziliwahi kuwa ngozi, zirudi utotoni kabisa, halafu wanazilea upya: ninyi sasa ni jicho, ninyi ni moyo. Seli zinakubali taratibu, kwa miezi, na zinadeka kuliko mtoto wa pekee. Kila siku zinataka chakula kipya, maji ya rangi ya waridi. Mwaka Mpya wenzake wakitafuna mochi, zile keki za mchele zinazonata, Sumie yuko ndani, amefunikwa kuanzia unyayo mpaka nyusi, analisha.

Na amri ilikuwa ileile ya baba yake. Aliyekula natto haingii chumba safi. Vijidudu vile vinatoka kwenye pumzi, kwenye ngozi, kwenye nywele, na seli changa hazina ngao yoyote. Kwa Sumie hili halikuwa tatizo. Kwake natto na nyoka walikuwa kundi moja.

Mwaka huo alikuwa analea seli za Mzee Hamaji, fundi kutoka Ono anayetengeneza soroban, zile mbao za shanga za kuhesabia. Jicho la kushoto la mzee lilikwisha kufa katikati. La kulia lilikuwa linafuata: akimtazama mtu usoni aliona masikio mawili na shimo kati yake. Madaktari walimkata ngozi ya mkono, na Sumie akaotesha humo utando mwembamba wa kushonea nyuma ya jicho la kulia kabla shimo halijamaliza kila kitu. Sahani nne za utando. Kuanza upya kungechukua karibu mwaka, na jicho halikuwa na mwaka.

Mzee alikuja mara moja kuzitazama kupitia kioo. Akavua kofia, akainama mbele ya kabati la joto mpaka paji la uso likagonga kioo.

"Naomba mnisaidie, tafadhali," akaliambia kabati.

"Mzee, hizo ni seli zako mwenyewe," Sumie alimwambia kwa simu ya ukutani.

"Ndiyo maana nazibembeleza. Nazijua zilivyo kaidi."

Tangu siku hiyo Sumie hakulala vizuri. Namba kwenye sahani ilikuwa imepata uso.

Masika hayo mama mkwe wake akahamia kwao. Bi Fuki alitoka Ibaraki, nchi ya natto, na alikuwa ameila kila asubuhi tangu meno ya kwanza mpaka yale ya bandia. Mwanawe, mume wa Sumie, aliacha natto siku ya harusi kama watu wengine wanavyoacha sigara. Bi Fuki hakusamehe.

"Mwanangu amekonda," alisema kila siku mezani. "Umemnyima chakula cha kwao."

"Mama, ni kazi yangu. Kijidudu kile kikifika kule..."

"Kijidudu! Mimi nina miaka themanini na mbili, nimekula vijidudu mlima mzima, nitazame. Nani ananiuguza?"

Bi Fuki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kushinda.

Asubuhi moja ya Machi, mierezi ilipomwaga chavua na nusu ya Japani ikawa inapiga chafya, Sumie aliamka pua zimeziba kama zimepigwa plasta. Mama mkwe alikuwa ameshapika supu ya miso, ile rojo ya soya yenye chumvi, nzito, yenye vitunguu majani vingi. Sumie akanywa. Ikamkaa vizuri kifuani. Akaomba bakuli la pili.

"Ongeza, mwanangu, ongeza," Bi Fuki alisema, na macho yake yalicheka kabla ya mdomo.

Sumie akaenda kazini. Akanawa, akavaa, akapita milango yake yote ya hewa, akakaa mbele ya meza yake ya kioo. Akatoa sahani mbili za kwanza za Mzee Hamaji, akanyonya maji ya zamani kwa bomba lake, akaweka mapya, akazirudisha. Mbili nyingine zilikuwa kabati la pili. Angezilisha baada ya chakula. Akatoka, akavua, akafungua simu yake.

Bi Fuki alikuwa ametuma picha ya kinu cha kusagia. Ndani yake ute na nyuzi. Chini yake kaandika: "Supu ya kwetu. Nimeisaga hata nyuzi hukuziona. Umekunywa mabakuli mawili na hukufa. Haya, sasa niletee kijidudu chako!"

Alipiga simu.

"Mama, niambie unanitania."

"Nakutania nini? Uliramba bakuli kama paka."

"Mama. Kweli uliweka?"

"Pakiti tatu. Lakini imechemka, mwanangu, imechemka sana, hakuna mdudu anay..."

"Kijidudu hakifi kwa kuchemka!" Sumie alipiga kelele mpaka mlinzi wa ghorofa ya chini akatazama juu. "Hakifi! Nimeshazilisha seli za mtu! Jicho la mtu!"

Upande wa pili ikatoka sauti ndogo, ya mtoto aliyevunja chombo: "Jicho la nani?"

Sumie alikata simu. Akakaa sakafuni kati ya makabati ya nguo. Akapumua kwenye kiganja, akanusa, pua hazikumwambia chochote. Alijiona mwenyewe kama mfereji mchafu unaotembea: pumzini vijidudu, kopeni vijidudu, na kila kimoja kimebeba uma na kijiko kinaelekea kwa Mzee Hamaji. Barakoa alivaa mbili. Glavu alivaa mbili. Labda hakuna kilichopita. Na nani ajuaye? Picha anaweza kuifuta. Ale chakula chake cha mchana, arudi ndani, alishe sahani mbili zilizobaki kama kawaida, na kama maji yatachafuka kesho, mambo hayo hutokea, hakuna atakayeuliza alikunywa supu gani.

Wazo hilo lilimtisha kuliko natto. Maana lilimjia kwa upole kabisa, kama rafiki.

Aliinuka akaenda ofisini kwa Daktari Nagase, mkuu wake, mwanamume mrefu ambaye watu walidai hajawahi kupandisha sauti tangu vita vya samurai. Sumie aliinama mpaka akaona visigino vyake mwenyewe.

"Daktari, nimekula natto."

Daktari Nagase aliweka kalamu chini. "Lini?"

"Leo asubuhi. Sikujua. Nimegusa sahani ya kwanza na ya pili za Mzee Hamaji."

Daktari alivuta hewa kati ya meno. Ssss. Ikaingia muda mrefu, Sumie akadhani atavuta na mapazia. Katika jengo lile kila mtu aliijua sauti hiyo; ndiyo ilisikika siku lilipoungua jenereta.

"Ya tatu na ya nne?"

"Sijazigusa. Ziko kabati la pili."

Daktari alikuwa ameshasimama. Alimpigia Itakura, mwanamke wa maabara ya ghorofa ya juu. "Unakula natto?"

"Mimi? Mimi mtu wa Osaka, Daktari, natto hatuigusi! Usinitukane."

"Shuka. Kuna sahani mbili uhamishe sasa hivi. Usipite chumba cha Kuroiwa, pita nyuma." Kisha akamgeukia Sumie. Hakumkemea, na hilo lilimtesa zaidi. "Nenda nyumbani ukaoge. Usikaribie jengo mpaka nikuite."

Nyumbani Bi Fuki alikuwa amepiga magoti mlangoni. Jikoni alikuwa ameosha sufuria, kinu, meza, kuta, na kwa dalili zote paka pia, maana paka alikuwa juu ya kabati, amelowa, anamtazama kila mtu kwa chuki.

"Nimetupa yote," alisema bila kuinua uso. "Nilitaka useme tu kwamba ni tamu."

"Ilikuwa tamu, mama," Sumie alijibu, akapita kwenda kuoga. Alijisugua mpaka ngozi ikawa kama kamba wa kuchemsha. Usiku ule wanawake wawili walikaa mezani bila kula, kila mmoja anaitazama simu kama bomu.

Asubuhi ililia. Daktari Nagase alisema maneno machache. Maji ya sahani ya kwanza yamegeuka manjano. Ya pili yamekuwa kama maji ya kuoshea mchele. Chini ya hadubini, vijiti vidogo vinaogelea kila mahali, vinafurahi.

"Na nyingine?"

"Mpaka sasa ni safi. Tunasubiri. Na Mzee Hamaji anakuja leo. Lazima aambiwe."

"Nitamwambia mimi," Sumie alisema, na papo hapo akatamani kuumeza ulimi.

Walimkaribisha mzee chumba cha wageni, jengo la pili, chai mbele yake. Alikaa ameinamisha kichwa upande, kama kuku, ili amwone Sumie kwa pembeni. Sumie alimweleza yote, supu na pua na kinu, uso ukiwa juu ya sakafu. Alipomaliza, chai ilikuwa imepoa.

"Kwa hiyo nusu ya ngozi yangu imeliwa na maharage," mzee alisema.

"Ndiyo. Samahani sana. Sina neno lingine."

"Zilizobaki zinatosha?"

"Zikibaki safi, utando mmoja unatosha jicho. Wa pili ni akiba. Nao ukichanika mkononi mwa daktari, hakuna mwingine."

Mzee alishika kikombe, akakikosa kidogo, akakipata. Kilikuwa kinagonga kisahani chake, tiki tiki tiki, na hapo Sumie alijua kwamba yeye si mwoga peke yake chumbani.

"Mimi shanga nazisikia kwa vidole," mzee alisema. "Kazi nitaifanya hata gizani. Ila nina mjukuu wa kike, ana mwaka na nusu. Sijawahi kuiona pua yake. Wanasema ni yangu." Akakiweka kikombe chini. "Mwambie daktari wa upasuaji asipige chafya."

Sumie alitaka kucheka, kikatoka kilio.

Siku zilizofuata Daktari alimruhusu arudi, lakini mpaka nje ya kioo tu. Itakura alilisha, Sumie alisimama anatazama. Hakuruhusiwa kugusa kitu, kwa hiyo aligusa kioo.

"Rangi gani?" aliuliza kila mara.

"Waridi."

"Waridi kabisa au waridi ya kwenda manjano?"

"Kuroiwa, ukiniuliza tena nitazinywa mwenyewe yaishe."

Zilibaki waridi. Siku ya upasuaji Itakura alizibeba kwenye sanduku la joto kama mtu aliyebeba yai la tai. Sahani ya nne ilikuwa na utando uliokunjika pembeni, wakaikataa. Ukabaki mmoja. Mmoja tu, mwepesi kuliko ngozi ya kitunguu. Sumie alikaa korido ya hospitali na Bi Fuki, ambaye alikataa katakata kubaki nyumbani. Kila mlango ulipofunguka Bi Fuki alimbana mkono, na kila aliyetoka alikuwa na kazi nyingine. Sumie aliwazia kibano, utando, kidole cha daktari, chafya. Aliuona ukichanika mara mia.

Daktari wa upasuaji alipotoka, alikuwa na jasho mpaka kwenye nyusi. "Utando umekaa mahali pake," alisema. Basi. Kama utaishi, kama utalisaidia jicho au utalala tu pale kama kiraka kwenye suruali, hakuna aliyeweza kusema.

Walisubiri wiki baada ya wiki. Sumie alikuwepo walipompima, amesimama karibu na mlango ili aweze kukimbia. Daktari wa upasuaji alifunika jicho la kushoto la mzee.

"Mzee, mtazame Bi Kuroiwa. Unaona nini?"

Mzee Hamaji alianza kuinamisha kichwa upande, kwa mazoea, akajizuia. Akamwelekea Sumie moja kwa moja. Alitazama muda mrefu mno.

"Masikio," alisema.

Sumie akashika kitasa cha mlango.

"Masikio, na katikati..." Alikunja uso. "Zamani katikati hapakuwa na kitu. Sasa kuna ukungu. Kama dirisha la bafu."

"Ukungu wa namna gani?" Sumie aliuliza, akisogea mpaka mbele ya kiti cha mzee. "Unaongezeka? Unapungua?"

"Sijui, dada. Ukungu wenyewe umefika leo." Akanyoosha mkono hewani, kidole kikaja taratibu, kikagusa kitu chenye ncha, laini, chenye baridi. Ilikuwa pua ya Sumie.

Mzee aliacha kidole pale, akasubiri ukungu upungue, na Sumie hakusogea.