Mgeni wa Kwanza wa Mushaki

Siku yangu ya kwanza ya kazi, Bwana Ajenti, mzungu wa Serikali katika teritware, yaani wilaya, ya Walikale, alivuta shuka nililokuwa nimetandika, akalitupa chini. "Hii iko kitanda ya muntu ao ya mbuzi? Rudilia!" Nikatandika upya, akalitupa tena. Ilikuwa wakati wa vita ya wazungu, nami nilikuwa kijana Muhunde kutoka Kingi, niliyezoea mkeka. Kabla ya jioni nilijua kukunja pembe za shuka hadi kitanda kisionyeshe hata mkunjo mmoja.

Nyumba nilimofanya kazi tuliiita jiti. Ilikuwa nyumba ya Serikali ambamo wazungu walio safarini walilala, na mtunzaji wake, yaani mimi, alichota maji, alipiga pasi ya makaa, alifunga chandarua na kuamsha wageni kwa kahawa. Baadaye nilihamishiwa jiti ya Masisi. Huko baridi ilitaka blanketi mbili na moto sebuleni. Madame wa Bwana Administrata, mkuu wa teritware, alinifunza supu, omuleti na mkate. "Mugeni, hapana kumuuliza mambo yake," aliniambia. "Anakula, analala, anakwenda."

Watu weusi hawakulala jiti. Madereva wa kamiyo, wauza maziwa, hata makarani, walilala chini ya magari, mvua inyeshe isinyeshe. Mke wangu Veronika ndiye aliyesema, "Papa, utatandikia bazungu tu mpaka lini? Tujenge yetu." Basi, miaka ya hamsini, niliacha kazi ya Serikali. Shefu wa Posta, mzungu mkuu wa kituo, alinipa ruhusa huku akicheka, na tukajenga vyumba vinne vya udongo pale Mushaki, kando ya barabara ya Sake.

Kamiyo ya kwanza kusimama kwetu ilitoka Walikale, alasiri. Akashuka mwanaume mwembamba mwenye mvi, mfuko begani.

"Muko na kitanda?"

"Iko, Papa. Karibu."

Nilipopokea mfuko niliona mkono wake wa kushoto: kidole cha mwisho hakikuwapo. Kilikatwa na panga utotoni, mimi nikiwa kando yake katika shamba la baba. Huyu alikuwa Leonardi, kaka yangu mkubwa, na sisi tulikuwa tumemlilia.

Niwaeleze. Wakati wa vita wanaume walipelekwa pori la Walikale kugema mpira, Leonardi akiwa mmoja wao. Kapita, yaani msimamizi wao, alituletea habari kwamba mtumbwi umepinduka katika mto Lowa na maji yamemchukua. Mwili haukuonekana. Veronika alikuwa mke wake. Alikaa mjane muda mrefu, kisha familia zikakubaliana nimwoe mimi. Padri aliomba ruhusa kwa Askofu, akatufungisha ndoa, na tukapata watoto.

"Kaka," nilisema, "wewe ulikufa."

Alinikazia macho. "Felesiani? Njo wewe kweli?" Kabla sijajibu akauliza, "Na Veronika? Iko muzima?"

Veronika alikuwa anatoka jikoni na beseni la maji ya mgeni. Lilimponyoka. Hakulia, aliketi pale pale kwenye matope, mkono mdomoni. Mtoto wetu mdogo alimkimbilia akiita "Mama", halafu akanigeukia mimi, "Papa". Leonardi akaelewa.

Kisha alisimulia. Wavuvi walimwopoa mbali sana. Aliogopa kurudi, maana waliotoroka mpira walifungwa na kuchapwa. Alijificha porini kwa jina lingine, na kila aliyemwambia kazi ile imekwisha alimdhania mpelelezi. Mwisho alichoka kujificha, akapanda kamiyo ya kurudi kwetu Kingi.

Kesho yake tulikwenda watatu kwa Padri. Naye akavua miwani. "Ndoa ya kwanza njo ndoa," alisema. "Veronika, bwana yako ni Leonardi."

"Mon Père, hakuna mwenye ameniuliza mimi," Veronika alisema. "Huyu nilimulilia mpaka nikamaliza. Nitabaki na watoto na baba yao."

"Basi hamutapokea komunyo tena."

"Nimesikia, Padri."

Njiani Leonardi alisimama, nami nikajiandaa kupigwa.

"Sikukuja kubomoa nyumba," alisema. "Lakini munipe nafasi ya kukaa karibu."

Alilima shamba la baba kule Kingi, si mbali na kwetu. Hakuoa. Jumapili tulikaa sote benchi la nyuma. Yeye alikwenda mbele kupokea komunyo, kisha akarudi kuketi kando yetu, macho chini, kama mtu aliyekula mbele ya wenye njaa.

Sasa nimepumzika, wanangu ndio wanaotandika vitanda. Kijana anayeitaka kazi hii nitamfunza shuka, supu na moto. Ila mshtuko wa alasiri ile sijui namna ya kumtayarishia mtu. Mpaka leo kamiyo ikisimama, Veronika anaacha analofanya, anasimama mlangoni, na harudi ndani mpaka abiria wa mwisho ameshuka.