Ukurasa wa Kuhama

Mwandishi hasa si mimi. Niliishia darasa la saba, ila mwandiko wangu unasomeka, ndiyo maana mzee aliyewahi kuwa waziri, aliporudi kuzeekea hapa Sumbawanga, aliniita nimwandikie maisha yake. Macho yake hayaoni tena. Anasema, naandika, namsomea, namwekea kidole mahali pake, anatia sahihi.

Kukataa nisingeweza. Binti yangu alipozidiwa na uchungu wa kujifungua, gari la mzee ndilo lililomfikisha hospitali. Hilo naliweka mbele, nisije nikamwonea.

Jumanne simulizi lilifika alipokuwa bado kijana serikalini, akisimamia watu kuhamia vijiji vipya upande wa kwetu, Kate.

"Andika: walihama kwa hiari yao, wakiimba."

Kalamu ikagoma. Nilikuwa mtoto wakati ule, pengine nakumbuka vibaya, lakini kihenge cha mama, ghala lake la nafaka, kilichomwa ulezi wote ukiwa ndani, ili tusirudi. Kama amri ilikuwa ya huyu mzee, sijui. Na kuimba kweli tuliimba.

"Umelala, mwanangu?"

"Hapana, mzee."

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya upepo, mkewe ameketi pembeni. Ningeweza kuandika nitakalo, asione. Kumdanganya kipofu nilishindwa. Na mama yu hai. Kila nikirudi huniuliza tumefika wapi.

Nikaandika maneno yake yote, hiari na nyimbo. Nikamsomea, akatia sahihi. Halafu chini yake nikaongeza langu, nikamsomea na hilo: "Mimi niandikaye nilikuwepo, mtoto. Kihenge chetu kilichomwa ulezi ukiwa ndani. Aliyeamuru simjui."

Alipapasa meza akitafuta kikombe. Mkewe akamsogezea, akatoka bila kunitazama.

"Kihenge cha nani?"

"Cha mama, mzee."

"Anajua unaandika kwangu?"

"Anajua."

"Tulikuwa vijana," akasema. Akakirudisha kikombe mezani. Kisha: "Sahihi yangu haishuki hapo."

"Sijaiomba, mzee. Nimeweka yangu."

"Una kichwa kigumu wewe! Na nikiuchana ukurasa?"

"Daftari ni lako."

Alilivuta, akalipapasa jalada, akaliweka mapajani. Hakuchana, angalau mbele yangu.

"Kesho uwahi," akasema. "Bado sijafika kwenye uwaziri."

Nikasema ndiyo, mzee.