Kazi ya Kikobe

Neno lile alilitoa mwenyewe, fundi makochi, tena mbele ya mteja. Mdogo wake alikuwa ameinamia kochi, shingo imetangulia, mgongo umejikunja, anapitisha uzi mara mbili pale wengine hupitisha mara moja.

"Litakwisha leo?" mteja akauliza.

"Muulize kobe huyo," kaka mtu akajibu.

Mteja alicheka mpaka akashika ukuta. Na kicheko cha mteja kitamu jamani. Kesho yake fundi akalirudia, na kesho kutwa. Neno likaota miguu. Chai ikichelewa, chai ya kikobe. Mtu akikawia msalani, mambo ya kikobe. Mwaka haukuisha, mdogo mtu akaviringisha mkasi wake kwenye kitambaa, akaondoka bila ugomvi. Kaka akasema, "Atarudi, mwendo wake si unaujua." Wakacheka tena. Ikapita miaka kumi na tisa.

Juzi likaletwa kochi la zamani, walilolishona wawili, libadilishwe kitambaa. Fundi akalifumua. Upande wake mwenyewe uzi ulikuwa umeoza na kuachia. Upande wa mdogo wake ulishika, ikabidi atafute wembe. Akakaa sakafuni na ule wembe.

Jumapili akamfuata mtaa wa mbali aliosikia yuko. Akamuulizia kwa jina alilopewa na mama yao. Watu wakatikisa vichwa. Mwishowe muuza mkaa akasema, "Fundi makochi? Kumbe Kobe! Si ungesema, mzee."

Akamkuta dirishani, sindano mkononi, mvi kichwa kizima.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuja kulifuta lile neno."

Mdogo mtu akamsogezea stuli. "Neno si kiatu, kaka, ukisahau mlangoni unarudi kukichukua. Lilinitangulia huku. Mke wangu kanikuta nalo. Wanangu shuleni ni watoto wa Kobe."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani. Kaa, umetoka mbali."

Akarudi kuinamia kazi yake. Kaka akamwita taratibu, kwa lile jina la mama yao.

Hakugeuka. Hakuwa amenuna, sikio lilikuwa limelisahau.

Kaka akaita tena, safari hii kwa lile neno alilokuja kulifuta.