Mkaa Usio na Moshi

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze. Nina miaka themanini na minne. Niko kitandani huku milimani Lushoto, upande wa Lukozi. Figo zimekataa kazi, na daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu ya mjukuu wangu, leo ni siku ya tatu.

Nilikuwa bwana shamba wa serikali. Nilisoma kilimo chuoni, nikapelekwa na nje ya nchi kusomea mazao ya bustani. Miaka ile ya ruksa, soko lilipoachiwa huria na serikali ikapunguza watumishi, nami nilipunguzwa. Sikulia, kwa sababu nilikuwa na mpango. Huku kwetu kila mtu analima nyanya na hoho. Zinaiva pamoja, zinaoza pamoja. Ikiingia Juni baridi inaziua zote, na hapo ndipo mahoteli ya mjini yanapozitafuta. Nikasema nitajenga nyumba kubwa ya nailoni, nivune mwaka mzima.

Nilichagua bondeni, kwenye tambarare karibu na mfereji. Msimamizi wangu, nitamwita Mbaruku, mzaliwa wa bonde lile lile, alinikataza, akiniita bwana kwa Kisambaa. "Mgosi, baridi ni kama maji. Inashuka mlimani usiku, inakuja kulala hapa. Jenga pale kwenye mteremko."

Nikamuuliza amesoma mpaka darasa la ngapi.

"La nne," akacheka, "na nusu yake nilikuwa nachunga mbuzi."

Tukajenga bondeni.

Julai ya kwanza hoho zilikuwa zimeanza kubeba. Asubuhi moja tulikuta umande umeganda mweupe kwenye majani ya nje. Kitabu changu kilisema nyumba ipashwe joto, na kilichora jiko lenye bomba la kutolea hewa. Bomba lile nililiona, wasomaji, naomba mlielewe hilo. Niliamua halina haja: mkaa ukikolea hauna moshi, na tundu kwenye nailoni lingepoteza joto. Nikamwagiza Mbaruku aweke mapipa manne ya mkaa ndani, ashushe mapazia yote ya pembeni, akae humo humo akichochea mpaka kuche.

Jioni ya pili akaniuliza, "Mgosi, nikiinua pazia moja kidogo? Jana kichwa kiliniuma sana."

"Ukiinua, hoho zikifa utazifufua wewe?"

"Haya bwana. Hoho zako zinalala pazuri kuliko mke wangu." Tukacheka sote wawili. Sikumsikia tena.

Nilirudi baada ya swala ya alfajiri. Alikuwa amelala kifudifudi, hatua tatu kutoka mlangoni, ametapika. Nilijua papo hapo kilichomuua, kwa kuwa kemia niliisoma. Sikupiga kelele. Niliinua mapazia yote, nikayashika mapipa kwa gunia lililoloa, moja moja, nikaumwaga mkaa mferejini, nikayaficha stoo. Ndipo nikaita watu. Jirani wa kwanza kufika alitazama matapishi, akasema, "Hii si pombe ya miwa hii?" Nikajibu, "Jana alikuja ananuka."

Mbaruku hakuwahi kuonja pombe maishani mwake.

Makaburini, kama ilivyo ada, imamu aliuliza, "Mnamshuhudiaje ndugu yetu?" Watu hujibu kwa sauti moja, "Mtu mwema." Siku ile walinyamaza, wakanitazama mimi, niliyekuwa naye mwisho. Nikatazama udongo kwenye viatu vyangu. Imamu akasubiri, kisha akaendelea na dua.

Hoho zilipona. Mwaka uliofuata nikahamishia nyumba kwenye mteremko, pale pale aliponionyesha, na sikuhitaji mkaa tena. Zikawa nyumba tatu, watu wakaja kujifunza kwangu. Binti wa Mbaruku alipochumbiwa, wakwe walirudi nyuma: "Hatuoi kwa mlevi aliyefia matapishini." Mwanawe wa kiume alipigana madrasa kwa ajili ya jina la baba yake mpaka akaacha kwenda. Mimi nililipa ada zao za shule na kupeleka unga kila Ramadhani, nao wakaniita baba.

Mjane wake huniletea uji kila Ijumaa. Wiki iliyopita nilimshika mkono, nikamwambia, "Mumeo hakulewa. Mimi ndiye niliyemfungia ndani na mkaa."

Akanifuta jasho. "Nyamaza baba, ni homa hiyo. Mimi ulevi wake nilishamsamehe zamani. Kila swala namwomba Mungu naye amsamehe."

Miaka yote hiyo anamwombea mumewe msamaha wa dhambi asiyoitenda, na mimi ananiombea thawabu.

Jioni ile ile nikamweleza mwanangu mkubwa, anayeendesha shamba sasa. Akasema, "Baba, yule hafufuki. Ukisema, tutakaozikwa ni sisi." Kesho yake nilimsikia uani akimwambia mjane kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa, lolote nitakalosema asilitie moyoni. Mjane akamjibu, "Najua mwanangu. Jana alisema maneno ya ajabu." Tangu hapo kila anayeingia chumbani ananiitikia "ndiyo, mzee" kama anavyoitikiwa mtoto. Nilijaribu kuandika barua kwa imamu, lakini mkono unatetemeka hata mimi mwenyewe sikuweza kuisoma.

Sina siku nyingi. Nitabebwa mpaka makaburi yale yale, na imamu atauliza swali lile lile. Mtoto wa Mbaruku, mtu mzima sasa, atakuwa mstari wa mbele, maana ananiheshimu kuliko wanangu. Najua yeye ndiye atakayetangulia kujibu, tena kwa sauti kubwa, "Mtu mwema."

Nishaurini, ndugu zangu. Nifanye nini kabla hajalitamka?