Mashine Iliyoachwa Ikiwaka

Siku za matanga ya Mjomba Salum, hofu moja ilininyima usingizi: umeme ukikatika, maneno yake ya mwisho yatakwenda wapi? Watu wazima walilia kwa sababu alikuwa amekwishazikwa. Mimi, msichana wa darasa la sita, nilihisi kuna sehemu yake ambayo bado haijazikwa. Ilikuwa pembeni mwa sebule yetu ya Temeke, ndani ya kompyuta ndogo iliyokuwa ikivuma chini ya kanga, harufu ya plastiki iliyopata moto ikichanganyika na ubani.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa fundi redio na aliishi nasi. Miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, makontena ya mitumba yalileta makoti pamoja na kila takataka ya Ulaya, na katika takataka hizo akapata kompyuta ya nyumbani ya kizamani, ile ya kuchomekwa kwenye televisheni. Ilikuwa imekufa. Aliifufua kidogo kidogo: akabadilisha vipuri vilivyoungua, akafunga ndani kipande cha sufuria kuukuu ili kupunguza joto, na vitufe vilivyopotea akavikata kwenye soli ya kandambili, kila kimoja akakiandika herufi yake kwa wino. Kisha akaanza kunitungia programu ya hesabu. Ukipatia, ilikusifu, ukikosea, ilikutania kwa maneno yake mwenyewe: "Rudia mpwa wangu, mie sina haraka."

"Hii ina akili kunishinda, lakini ukiizima inasahau hata jina lake," aliniambia. "Mpaka tuinakili kazi kwenye kaseti, igeuke mlio." Alinifundisha amri ya kunakili hadi vidole vyangu vikaizoea. Lakini kabla hatujanakili, mkanda wa mpira unaozungusha redio-kaseti yake ulikatika. Akatoka kwenda kutafuta mwingine, akaiacha kompyuta ikiwaka na kazi yote ikiwa ndani. Gari likamgonga njiani. Hakurudi.

Wanaume walikaa nje chini ya turubai, wanawake wakajaa sebuleni kwenye mikeka. Televisheni ilizimwa na kufunikwa kanga, kama ilivyo desturi, na kompyuta iliyokuwa mbele yake ikafunikwa pamoja nayo. Tuliazima redio-kaseti ya jirani, ikawa inasoma Kurani tangu asubuhi. Siku ya pili Bi Mwanaidi, shangazi yake mama, aligeuza sikio upande wa kanga.

"Na hiki nacho kinanguruma nini humu? Kichomoeni, jamani, msibani si pahala pa michezo."

"Bibi, naomba kisizimwe," nilisema. "Mjomba hajamaliza."

Chumba kizima kilianza kulia upya. Mama mmoja alinivuta kifuani. "Masikini, mtoto hajaelewa." Nilikuwa nimeelewa. Kilichonishinda ni kueleza. Je, si dhambi kukatisha Kurani ili kurekodi mlio wa mashine? Nikikosea herufi moja, nani atanisamehe? Na nikinyamaza? Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku ya tatu, baada ya khitma, feni ya darini ilipunguza mwendo, ikakaribia kusimama, kisha ikazunguka tena. Umeme wa Temeke ulikuwa unaaga hivyo. Nilipiga magoti mbele ya mama.

"Mama, naomba redio. Kazi ya mjomba imo mle. Umeme ukikatika inapotea."

"Yote?"

"Yote."

"Una hakika unajua kuitoa?"

"Sina."

Mama alingoja sura imalizike, akainuka na kuizima redio mwenyewe. "Wenzangu, mniwie radhi. Kuna kazi ya marehemu."

"Kazi gani tena?" Bi Mwanaidi aliuliza.

"Aliyoiacha."

Nilitia kaseti tupu kwenye redio, nikaiunganisha kwa waya na kompyuta, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Sikuifunua televisheni. Niliingiza mikono chini ya kanga nikaandika amri bila kuona, nikipapasa mpira wa kandambili. Mlio mkali ulitoka redioni, kama mafuta yakikaanga kitu kibichi. Wanawake waliinamisha vichwa. Mmoja akanong'ona, "Ndiyo yeye huyo?"

Leo nina shahada, na kompyuta ninayoitumia ina nafasi ya kuhifadhi kila upuuzi niuandikao. Hata hivyo barua fupi naisoma mara kumi kabla ya kuituma, nikitafuta uhakika ambao haupo. Kaseti ile ilikubali, tulijua hivyo baada ya arobaini, na niliitumia kwa hesabu zangu hadi nikaingia sekondari. Lakini alasiri ile hapakuwa na njia ya kujua. Mlio ulikoma, macho ya watu yakanielekea. Nilingoja mtu mzima aniambie kwamba imetosha, kisha nikaona kwamba mle ndani hakuna aliyejua kunishinda. Nikapitisha mkono nyuma ya meza, nikachomoa waya wa umeme wa kompyuta.